Kildonan Mbili

Kildonan ziko mbili duniani, na moja ni binti wa nyingine. Ya kwanza ni bonde katika jimbo la Sutherland, kaskazini ya Uskoti, ambamo mto Helmsdale hupita ukiteremkia Bahari ya Kaskazini; ya pili ni mtaa wa mji wa Winnipeg katika Kanada, kando ya mto ambao Waingereza huuita Red River, yaani Mto Mwekundu. Ya kwanza ilitolewa watu mwanzoni mwa karne ya 19 ili kondoo wapate malisho, na ya pili ilipewa jina kwa ajili ya watu hao hao, waliokuwa wamevuka bahari na barafu wakiwa wamebakiwa na urithi mmoja tu usioweza kuporwa, nao ni jina la kwao. Mwenye kutaka kuyapima maisha ya mhamiaji kwa insafu hana budi kuziweka mbili hizi katika mizani moja, kwa maana atazamaye ya kwanza peke yake ataona dhuluma tupu, na atazamaye ya pili peke yake ataona ushujaa mtupu.

Katika orodha ya abiria wa mwaka 1813, kila mtu ana mstari wake mmoja: jina, umri, na kijiji alichotoka. Katika mistari hiyo nimechagua kumwazia msichana wa miaka 18, nami nitamwita bibi, kama wanavyowaita wahenga wao wale wajukuu wa vijukuu walioko Winnipeg hata leo. Bibi huyu ni wa kuwazia, walakini sitamtwika jambo lolote ambalo halikuwafika watu wa kweli waliosafiri katika jahazi moja naye. Na kama msomaji ataona kwamba mambo hayo ni mazito kwa mabega ya mtu mmoja, basi na akumbuke kwamba wako waliobebeshwa yote, na wako waliofia katikati ya njia.

Wazee wa bibi walikuwa Wagaeli, watu wa ng'ombe wachache, viazi na shayiri, waliolima bonde lile kizazi baada ya kizazi bila ya hati. Katika lugha yao lipo neno dùthchas, ambalo hukusanya pamoja maana ya nchi ya mababa na haki ya kuishi juu yake, haki ambayo mtu huzaliwa nayo kama azaliwavyo na damu yake. Neno hili lilikuwa sheria tosha zamani, wakati mkuu wa kabila alipohesabu utajiri wake kwa idadi ya wanaume wawezao kumfuata vitani. Lakini zama ziligeuka, na wakuu wakawa makabaila wa kukaa London, wenye gharama za kilondoni, na mawakili wa milki ya Sutherland wakapiga hesabu wakaona kwamba bonde likikodishwa kwa mfugaji mmoja wa kondoo wa Cheviot litaleta fedha nyingi kuliko likikaliwa na mamia ya watu. Mahakama haikulijua neno dùthchas. Ilijua karatasi, na karatasi ilikuwa na jina la kabaila. Mapema mwaka 1813 watu wa Kildonan waliwazuia wapimaji kuingia bondeni, wakapeleka mjumbe wao hata London kuomba haki. Jibu lililowafikia lilikuwa ni askari.

Ndipo lilipotokea jina la Lord Selkirk. Mtu huyu, aliyezaliwa mwaka 1771 kusini ya Uskoti, alikuwa na huruma ya kweli kwa Wagaeli waliofukuzwa, na pamoja na huruma alikuwa na hisa katika Kampuni ya Hudson's Bay. Mwaka 1811 Kampuni ilimpa, kwa bei ya shilingi 10, nchi ya maili za mraba 116,000 katikati ya bara la Amerika ya Kaskazini, eneo lililo kubwa kuliko Uingereza, Uskoti na Wales zikijumlishwa. Kampuni yenyewe ilikuwa imeipata haki hiyo kwa Mfalme Charles wa Pili mwaka 1670, na Mfalme aliitoa nchi ambayo hakuwahi kuitia machoni, wala hakuna mmoja katika wenyewe aliyeulizwa. Basi karatasi iliyomwondoa bibi Sutherland na karatasi iliyomkaribisha Mto Mwekundu zilikuwa ni ndugu wa tumbo moja, ingawa msichana wa miaka 18, anayetazama mama yake akifunga vyombo, asingeweza kulijua hilo. Watu wapatao 700 waliomba kuchukuliwa. Nafasi ilipatikana kwa mia moja hivi.

Jahazi la Prince of Wales lilitweka kutoka Stromness, visiwani Orkney, mwishoni mwa Juni 1813. Kabla ya kufika, homa ya taifasi, ile iletwayo na chawa, ilizuka katika ngama walimolala watu wakibanana, ikaua abiria na mabaharia, na tabibu mwenyewe akawa miongoni mwa waliozikwa baharini. Nahodha, kwa kuhofia chombo chake, aliwashusha Churchill, mbali sana kaskazini kuliko bandari waliyoahidiwa, na huko wakajenga vibanda vya magogo na kukaa ndani yake majira ya baridi ambayo hata Mskoti wa kaskazini hakuwahi kuyaonja. Mwezi wa Aprili 1814, watu kama 50, vijana wake kwa waume, waliondoka kwenda kwa miguu hata ngome ya York, mwendo wa maili 150 hivi juu ya theluji. Miguuni walifunga vyombo vya mti na kanda za ngozi, vilivyosukwa mfano wa nyungo ili visizame, na vifundo vya miguu yao, visivyozoea mwendo huo, vilivimba. Katika msafara alikuwamo mpiga zumari ya kiriba, Robert Gunn, naye alipuliza nyimbo za kwao ili waliochoka wasikae chini, kwa kuwa akaaye chini katika baridi ile hasimami tena. Bibi alikuwa katika safu hiyo. Mwezi wa Juni waliuona Mto Mwekundu, na kila familia ikapimiwa ekari 100, shamba jembamba lililoanzia ukingoni mwa mto na kurefuka nyuma hata mbugani kama utepe.

Wahenga wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wageni hawa walifika na jembe mkononi tangu siku ya kwanza, kwani plau hazikuwapo, na udongo ule mweusi, uliofungamana kwa mizizi ya nyasi za miaka isiyo na hesabu, hauvunjiki kwa urahisi kwa mkono wa mtu. Kukosa ukulima si neno la kuwashutumu. Walitoka katika nchi ya mawe na mvua, wakaingia katika nchi tambarare ambayo mbingu yake ni kubwa kuliko ardhi. Wale wa kwanza, waliofika mwaka 1812, ngano yao ilikuwa imekataa. Kilichowaponya katika baridi ni nyama ya nyati, na ili kumpata nyati ilibidi kwenda Pembina, maili 60 kusini; na waliowaongoza njia hiyo, wakiwapakia watoto wao juu ya farasi, walikuwa watu wa Peguis.

Peguis alikuwa mkuu wa Waojibwa, waitwao pia Saulteaux, ambao nao walihamia bonde la Mto Mwekundu kutoka mashariki mwishoni mwa karne ya 18, wakapakana na Wakri waliotangulia. Alikuwa mtu wa umbo fupi, pua yake ikiwa imekatwa kipande katika ugomvi wa zamani, mwenye sauti ya kusikizwa barazani. Sababu zake za kuwasaidia wageni hazikuwa huruma peke yake: mtawala mwenye akili hupima manufaa ya jirani mpya kama apimavyo madhara yake, na huenda aliona katika watu hawa biashara na ulinzi. Hilo halipunguzi ihsani yake hata chembe. Mwenye kuokolewa na njaa hana haja ya kuuliza nia ya chakula.

Na ulinzi ulihitajika, kwa sababu nchi ile ilikuwa na shari ambayo Selkirk hakuieleza katika ahadi zake. Kampuni ya pili, iitwayo North West, ilinunua manyoya katika mito hiyo hiyo, na wafanyakazi wake waliishi kwa pemikani, yaani nyama ya nyati iliyokaushwa, ikatwangwa na kuchanganywa na mafuta. Mwezi Januari 1814 liwali wa koloni, Miles Macdonell, alipiga marufuku pemikani isitolewe nje ya nchi, akidai kuwa wahamiaji watakufa njaa. Na kwa amri hiyo akawa amewatia wahamiaji mahali pa mfupa kati ya mbwa wawili. La kustaajabisha ni kwamba waliowaandama Waskoti hawa walikuwa, kwa sehemu kubwa, Waskoti wenzao. Wakubwa wa North West walitoka katika milima ile ile. Duncan Cameron, wakili wao, alivaa koti jekundu la kijeshi, akawakaribisha wahamiaji nyumbani kwake, akawakirimu, akazungumza nao kwa Kigaeli kitamu cha kwao, akawaonyesha jinsi ilivyo njema nchi ya Kanada ya mashariki. Na mwaka 1815 watu wapatao 140 wakapanda mitumbwi yake na kwenda zao. Bibi alibaki na wachache. Nyumba zao zikatiwa moto, wakakimbilia kaskazini ya Ziwa Winnipeg, kisha wakarejea mwaka huo huo.

Tarehe 19 Juni 1816, mahali paitwapo Seven Oaks, Robert Semple, liwali mpya, alitoka na watu wake kukabili kundi la wapanda farasi wa Métis, watu waliozaliwa na baba wa Kizungu na mama wa asili ya nchi, ambao walikuwa wameanza kujiona kuwa ni taifa lenye haki yake juu ya mbuga. Katika muda mfupi Semple na watu wake 20 walilala maiti, na upande wa pili aliuawa mmoja. Aliyewaongoza Métis, Cuthbert Grant, alikuwa mwana wa Mskoti na alibatizwa katika kanisa la Kiskoti huko Montreal. Basi bibi, aliyefukuzwa Sutherland na mawakili wa kabaila wa Kiskoti, alifukuzwa mara ya tatu na kijana mwenye damu ya Kiskoti, na watu wa Peguis, ambao Waskoti waliwaita washenzi, ndio waliosaidia kuwaletea maiti wao wapate kuzikwa.

Mwaka 1817 Selkirk alifika mwenyewe, akawarejesha watu wake katika mashamba yao, akayapa makazi yale jina la Kildonan, na tarehe 18 Julai akakaa na Peguis na wakuu wengine wanne kuandika mkataba. Hapo yataka tusimame kidogo, kwa kuwa kadhia nzima ya maisha ya bibi imo katika karatasi hiyo. Wakuu watano walitia alama zao, kila mmoja akichora mnyama wa ukoo wake. Ardhi iliyotajwa ilikuwa ukanda wa maili mbili kila upande wa mto, na kwa kuwa maili ni kipimo cha Waingereza, yasimuliwa kwamba wakuu walielezwa kuwa ni mbali kadiri ya jicho linavyoona mwanga chini ya tumbo la farasi aliyesimama mbugani. Badala yake kila taifa, Saulteaux na Wakri, lingepata kila mwaka ratili 100 za tumbaku, na karatasi iliita tumbaku hiyo "zawadi au kodi". Katika neno hilo dogo, "au", ndimo ulimofichwa ugomvi wa karne nzima. Ikiwa ni kodi, mwenye kupokea ni mwenye nchi, na mpangaji ni mpangaji. Ikiwa ni zawadi, basi mtoaji hudhihirisha ukarimu wake katika mali iliyokwisha kuwa yake. Peguis aliishi mpaka mwaka 1864, na katika uzee wake alilalamika kwa maandishi kwamba ardhi haikuuzwa kamwe.

Bibi hakuitwa katika baraza hilo. Alikuwa shambani. Mwaka uliofuata, shayiri ikiwa imeanza kugeuka rangi, nzige walishuka kama wingu, na katika saa chache wakala kazi ya mwaka mzima. Wanawake waliokota masuke machache yaliyosalia, wakayabeba katika mikunjo ya nguo zao. Mwaka 1819 mayai ya nzige hao yaliangua, na hata mbegu haikusalia. Watu walikwenda kwa miguu juu ya theluji mpaka Prairie du Chien, kwenye mto Mississippi, wakarudi kwa mashua mwaka 1820 na magunia ya ngano ya mbegu, na tangu mwaka huo koloni haikukosa mbegu tena. Selkirk hakuliona hilo. Alikufa mwezi Aprili mwaka huo huo kusini ya Ufaransa, akiwa ametumia afya na mali yake katika kesi na Kampuni ya North West, na mwaka 1821 Kampuni mbili hizo zikaungana kana kwamba hapakuwa na damu iliyomwagika. Mwaka 1826 gharika ilizoa nyumba karibu zote. Wageni wengine, Waswisi na askari wa zamani aliowaleta Selkirk, walikata tamaa wakahamia Marekani; Waskoti wakangoja maji yapungue, wakajenga upya pale pale. Si tabu kufahamu kwa nini. Mtu aliyekwisha kutolewa nyumbani kwake mara tatu hulipenda lile la nne kwa mapenzi yasiyosikia shauri.

Lipo jambo moja ambalo lilimuumiza bibi kuliko njaa, nalo ni sala. Selkirk aliwaahidi watu wa Kildonan mchungaji wa kanisa lao, ajuaye lugha yao. Waliongoja wazee walikufa wakingoja. Waliozaliwa wakati wa kungoja walioa na kuolewa. Mchungaji wa kwanza wa kanisa lao, John Black, aliwasili mwaka 1851, na walipofurika kumsikiliza walitambua kwamba hakijui Kigaeli. Bibi wakati huo alikuwa na miaka 56. Nafikiri alikaa kitako akasikiliza mahubiri ya Kiingereza hata mwisho, akafurahi kwa nusu ya moyo. Kisha akarudi nyumbani, na wajukuu zake wakamwamkia kwa Kiingereza. Walijenga kanisa la mawe, likafunguliwa mwaka 1854, nalo lipo hata sasa. Lugha iliyovuka bahari, theluji na gharika ilizikwa kimya kimya katika ua wa kanisa hilo, pamoja na wenyewe.

Maisha ya bibi yanaishia hapa, lakini hisabu yake haiishii, kwa maana mhenga huendelea kudai na kudaiwa baada ya kufa kwake. Mwaka 1870 nchi ile ikawa jimbo la Manitoba, na mashamba membamba ya mtoni yakaanza kuwa mji. Watu wa Peguis walikuwa wametengewa ardhi ya St. Peter's, upande wa kaskazini, wakalima na kujenga kanisa lao. Jirani yao ukakua mji mdogo uitwao Selkirk, kwa jina la yule lodi, na watu wa mji huo wakaona kuwa ardhi ya Waojibwa ni nzuri mno kukaliwa na Waojibwa. Mwaka 1907 waliitwa mkutanoni ghafla, pakapigwa kura, 107 kwa 98, na kwa kura hizo wakahesabiwa kuwa wameitoa ardhi yao. Wakahamishwa kaskazini, kwenye nchi ya mabwawa. Ilipita karne nzima kabla ya serikali ya Kanada kulipa fidia kwa ajili ya ardhi iliyochukuliwa kinyume cha sheria. Pale Sutherland hapakuwa na hata kura.

Sidai kwamba bibi alitenda kosa hilo. Alikuwa amekwisha kufa, na katika uhai wake hakumwondoa mtu yeyote mahali pake kwa mkono wake. Wala sidai kwamba hakuhusika, kwani mti aliopanda ndio uliotoa kivuli kwa waliofanya. Dhuluma ina tabia ya kurithiwa kwa njia isiyotazamiwa: aliyeonja uchungu wake hudhani kwamba amepata kinga ya kutomwonjesha mwingine, kumbe amepata njaa tu ya ardhi, na njaa haina kumbukumbu. Laiti wajukuu wa Kildonan ya kwanza wangekumbuka neno dùthchas kwa maana yake yote, wangelitambua walipolisikia kinywani mwa Peguis kwa lugha nyingine.

Mwenyeji alisema mgeni njoo, na wahenga wetu wameongeza kwamba mgeni akija mwenyeji hupona. Kwa hiyo nawaomba wenye wahenga waliovuka maji, wawe wa Kiskoti au wa asili yoyote, wanapowasimulia watoto wao habari za jahazi, homa, theluji na zumari, wasikome kwenye mavuno ya kwanza. Waendelee hata wafike kwa yule aliyewapakia watoto wao juu ya farasi, waulize kama alipona.

Katika bustani ya Kildonan, mjini Winnipeg, iko sanamu ya Peguis, iliyosimamishwa na wazao wa wahamiaji wale katika miaka ya 1920 kwa shukrani ya kuokolewa wazee wao. Watu wa Peguis wako kaskazini, mwendo wa kilomita 190 hivi kutoka hapo.